Mwalimu wa Sayansi Asimfukuze Bibi Darasani



Mtoto wa darasa la sita akiulizwa kwenye mtihani ataje sababu nne za mmomonyoko wa udongo, atazitaja bila shida: kukata miti ovyo, kulima bila makinga maji, kuchunga mifugo mingi kupita kiasi, kuchoma misitu. Atapewa alama nne kati ya nne. Jioni ya siku hiyo hiyo anaweza kuingia kwenye korongo kavu kuokota kuni, mlima ukiwa mweusi kwa mawingu nyuma ya mgongo wake, asione uhusiano wowote kati ya mawingu yale na alama zake nne. Jambo hili limekuwa likinisumbua tangu nianze masomo ya falsafa, na naomba wasomaji wa gazeti letu, mafrateri wenzangu na waamini wa parokiani, mnivumilie nikilieleza kwa kirefu kidogo.

Kwetu ni Mkumbara, kituo cha reli ya Tanga kwenda Moshi, wilaya ya Korogwe, chini kabisa ya milima ya Usambara. Mbele yetu nyika na mkonge, nyuma yetu mlima umesimama kama ukuta. Mvua kubwa ya Shume huweza kunyesha sisi huku chini tukiwa na jua kali. Maji hushuka kwa ghafla, na korongo lililokuwa barabara ya mbuzi saa nane linakuwa mto wa mawe saa tisa. Bibi yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alitufundisha jambo hilo kwa hadithi. Alisema korongo lina mwenyewe. Asubuhi huenda matembezi mlimani, alasiri hurudi nyumbani, na hapendi kukuta watu wamekaa sebuleni kwake. Ukisikia harufu ya udongo uliolowa na wewe hapo ulipo hakujanyesha, ujue amekwisha piga hodi. Ukisikia mawe yanagongana mbali, usiulize, panda juu.

Sikumbuki hata mmoja kati yetu, wajukuu zake, aliyewahi kuchezea korongoni mlima ukiwa umefunga.

Sasa, tukimpeleka bibi huyu mbele ya kamati ya mitaala, atafeli. Korongo halina mwenyewe, na maji hayapigi hodi. Hata hivyo hadithi yake imebeba mambo matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyapima: mvua ya juu hutangulia mafuriko ya chini, harufu huja na upepo wa mvua kabla ya maji kufika, na mawe makubwa hutembea kabla hujaona wimbi lenyewe. Hayo ni matokeo ya kutazama kwa miaka mingi, na huenda kuna watu waliokufa ndipo yakajulikana. Aristotle, tunayemsoma karibu kila juma, anatofautisha kujua kwamba jambo liko hivi na kujua kwa nini liko hivi. Bibi alikuwa na «kwamba» iliyokamilika. Shule ina «kwa nini», tena nzuri sana: mteremko, kasi ya maji, udongo ulioshiba usioweza kunywa tena. Kwa mtoto wa Mkumbara vitu hivi viwili havijawahi kukutanishwa. Cha kwanza anakisikia jikoni kwa Kishambaa au Kizigua, cha pili anakikariri darasani kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza anakikariri upya kwa Kiingereza. Ni lugha tatu na vyumba vitatu, na milango ya katikati imefungwa.

Aristotle huyo huyo, katika Metafizikia, anasema falsafa ilianza kwa mshangao, na anaongeza neno ambalo wengi wetu tunaliruka: kwamba mpenda hadithi naye ni mwanafalsafa kwa namna fulani, kwa kuwa hadithi imejengwa kwa mambo ya kushangaza. Mtoto asiyeshangaa hataifikia fizikia. Ataufikia mtihani wa fizikia, basi.

Milima yetu ina ushahidi wa hili ambao ungepaswa kuning'inizwa ukutani katika kila maabara ya Tanzania. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, karibu na Lushoto. Wavulana pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaingiza maziwa yake bila kuyachemsha kabisa, na Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi ya kwake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu wa fizikia aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, na jibu likawa kejeli: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Wenzake wakaligeuza utani.

Kisha akaja shuleni Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza mbele ya watu wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara akaleta taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto yameganda kwanza, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! (Msomaji mwenye uzoefu wa maabara za shule ataelewa kwa nini nimeweka alama ya mshangao.) Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la kufundishia fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Mambo mawili katika habari hii nayaona ni makubwa. La kwanza, makala ile ya kisayansi imeandikwa kwa masimulizi. Mpemba anasimulia: nilifanya hivi, nikaambiwa vile, wakanicheka, nikarudi jikoni nikajaribu tena. Osborne anafuata na vipimo. Hadithi na vipimo vimekaa ukurasa mmoja na hakuna kilichomwaibisha mwenzake. La pili, waliomcheka hawakukosa elimu ya fizikia, walikuwa nayo. Walichokosa ni sikio. Na kichekesho kikubwa ni kwamba jambo lenyewe lilikwisha tajwa na Aristotle, likatajwa na Francis Bacon, likatajwa na Descartes. Waliolitaja walikuwa vitabuni, na kijana wa Magamba alikuwa jikoni.

Nikiri pia kwamba hadi leo wanasayansi hawajakubaliana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo lipo. Wengine wanaendelea kulitetea. Hilo halinisumbui hata kidogo. Mpemba aliuliza swali ambalo baada ya zaidi ya miaka 50 bado linawafanyisha kazi watu wenye vyombo vya gharama kubwa. Ni wangapi kati yetu tutaacha swali la namna hiyo?

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 alilalamika kwamba shule zetu zinamfundisha kijana kuamini kuwa maarifa yote ya maana yako vitabuni au kwa «wasomi», na kwamba maarifa ya wazee wengine hayana thamani. Serikali yenyewe, alisema, ilikuwa inachangia. Tumebadilisha mitaala mara nyingi tangu wakati ule, lakini sehemu hiyo ya lalamiko lake inasomeka kama imeandikwa jana.

Kuna frateri mwenzangu, tunakaa bweni moja, ambaye tukizungumza mambo haya hunikatiza: «Wewe unataka kuturudisha kwenye ushirikina.» Pingamizi lake si dogo. Hadithi zinaua pia. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu hadithi ilisema mwenye macho mekundu ni mchawi, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Radi ikipiga nyumba hutafutwa jirani aliyeituma. Mtoto akiugua degedege huitwa jina la shangazi fulani kabla hajapimwa malaria. Mimi mwenyewe katika utume wa likizo nimekaa kwenye vikao vya jumuiya ambavyo vilihitaji sayansi kuliko vilivyohitaji wimbo mwingine.

Lakini tuangalie vizuri hadithi hizo mbili zinatofautiana wapi. Hadithi ya korongo inamwambia mtoto atazame: nusa, sikiliza, angalia mlima. Hadithi ya macho mekundu inamwambia aache kutazama, jibu limeshapatikana na lina jina la mtu. Ya kwanza unaweza kuipima, na ikikosea mara moja bibi atairekebisha. Ya pili haipimiki, kwa sababu kila kinachotokea kinaithibitisha. Mtoto aliyefundishwa kuuliza «bibi aliona nini, na sisi tunaweza kuona nini?» ndiye atakayeikataa ile ya pili. Aliyefundishwa kwamba hadithi zote ni upuuzi ataziacha zote darasani na kuzichukua zote mlangoni akitoka, kwa kuwa hajapewa chombo cha kuzichagua. Ndiyo maana tuna wahitimu wa vyuo wanaokwenda kwa mganga usiku. Hapo frateri mwenzangu hunyamaza, ingawa sidhani kama amekubali.

Mbali na kwetu kuna watu waliofikiria jambo hili kwa undani, nao ni Waapache wa Arizona, Marekani. Mtaalamu wa lugha na utamaduni Keith Basso alianza kwenda kijiji chao cha Cibecue mwaka 1959, na mwaka 1996 akachapisha kitabu juu ya namna hekima yao inavyokaa katika mahali. Majina yao ya mahali ni kama sentensi fupi: yanakuchorea mwamba, maji na mti vilivyo pale, na wewe ukiwa umesimama upande gani. Kila jina lina kisa. Mtu akikosa adabu, mzee hamkemei. Husimulia kisa cha mahali fulani, kwa ufupi, bila kumtazama, na mhusika anajua mshale ni wake. Tangu siku hiyo kila akipita pale, mahali penyewe panamkumbusha, hata kama mzee amekwisha kufa. Kwa Waapache somo la jiografia, la maji, la mimea na la maadili hufundishwa na kilima kimoja.

Na Waapache wanatuhusu sisi Wakatoliki kwa namna nyingine, ambayo si ya kujivunia. Kusini mashariki mwa Arizona kuna mlima unaoitwa na wazungu Mount Graham, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,200. Waapache wanauita Dził Nchaa Si'an, na kwao ni mahali patakatifu. Juu ya mlima huo Kituo cha Anga cha Vatikani, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Arizona, kilijenga darubini yenye kioo cha mita 1.8, iliyoanza kazi mwaka 1993. Waapache wengi wa San Carlos walipinga, wakaenda mpaka mahakamani. Padre George Coyne, Mjesuiti aliyekuwa mkurugenzi wa kituo hicho, mwanasayansi hodari na mtu aliyelitetea Kanisa vizuri mbele ya wasioamini, mwaka 1992 alitoa tamko kwamba hoja zilizoletwa hazikumshawishi kuwa mlima ule una utakatifu wa kuzuia matumizi halali. Sina shida na darubini. Naona fahari kwamba Kanisa letu linatazama nyota. Lakini ni vigumu kusoma habari ile bila kuona kwamba upande mmoja ulitaka hati, na upande wa pili ulikuwa na nyimbo, sala na majina. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si', namba 146, kwamba jamii za wenyeji ziwe washiriki wakuu wa mazungumzo pale miradi mikubwa inapogusa ardhi yao, kwa kuwa kwao ardhi ni zawadi ya Mungu na ya wahenga waliolala humo. Darubini ilikuwa imesimama zaidi ya miaka ishirini.

Usambara nayo iliwahi kuletewa sayansi isiyosikiliza. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mradi wa kuokoa udongo kule Mlalo, ukapanuliwa milimani. Watu waliamriwa kulima matuta, na asiyelima alishtakiwa. Wataalamu hawakukosea kuhusu udongo: ulikuwa unateremka kweli. Walikosea kuhusu watu. Washambaa walikuwa na lugha yao ya mambo haya, waliyoitumia kwa vizazi: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Walisema pia kwamba nguvu ikishindana na nguvu, njaa huingia. Ukilisikia neno hilo haraka unaweza kudhani ni imani ya mvua na wafalme tu. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na wakulima hao na kuandika juu yao, alilichukua kwa uzito. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai katika miaka ya 1860, wazao wake walipigana, mmoja wao, Semboja, akiwa amejikita hapa jirani yetu Mazinde kwenye njia ya misafara. Watu walikamatwa wakauzwa utumwani. Nani angeshuka kulima nyikani? Na Mshambaa aliyekuwa na shamba la mlimani na shamba la nyikani alikuwa na kinga: moja likikosa mvua, jingine humlisha. Vita vilipomfungia mlimani, kinga ilikwisha na njaa ikaja. Usemi ule ulikuwa na sababu na matokeo ndani yake, ila umevaa kanzu ya hadithi. Wataalamu wa matuta hawakuuliza. Wakulima wakakataa, na kufikia mwaka 1957 mradi ulikuwa umekufa, huku udongo ukiendelea kuteremka. Hasara ilikuwa ya wote.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Fides et Ratio ya mwaka 1998, namba 31, anatukumbusha kwamba kweli nyingi tunazoishi nazo tunaziamini tu kwa kupokea kutoka kwa wengine, nyingi kuliko zile tulizozithibitisha wenyewe. Hata mwanasayansi anaanza na kumwamini mwalimu wake. Kwa hiyo swali si kama mtoto ataamini wengine, bali ni nani amestahili kuaminiwa na kwa njia gani ataijaribu imani hiyo. Nashangaa kwamba tumekubali, bila mjadala, kuwa bibi hayumo kwenye orodha.

Haya si mambo ya kusubiri wizara. Parokia zetu zina vigango, vigango vina jumuiya ndogondogo, na kila jumuiya ina mzee mmoja au wawili ambao watoto wakiwasogelea kwa «hadithi, hadithi!» hawawezi kukataa. Wengi wetu tutapelekwa mwaka wa kichungaji kufundisha katika shule za Kanisa, na mara nyingi frateri ndiye anayebebeshwa vipindi vya sayansi vilivyokosa mwalimu. Pale Mkumbara ningeanza na njia ya waya. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliteremsha mbao za mwangati kutoka Neu-Hornow, huko Shume, hadi stesheni yetu kwa waya uliopita angani, kilomita zipatazo 9. Fizikia ya kidato cha pili imo humo: mvutano wa waya, mzigo unaoshuka, ndoo tupu inayopanda. Msitu uliokatwa umo humo pia, na maji ya korongo.

Kisha ningefanya jaribio la hadithi ya bibi, na hili nimelipanga kwa likizo ya Desemba pamoja na katekista wetu, mvua za vuli zikiwa bado zipo. Watoto wawili wa kidato cha kwanza watakaa Shume kwa ndugu zao na kopo lenye rula, waandike mvua inaanza saa ngapi na inajaza sentimita ngapi. Wengine wawili watakaa Mkumbara juu ya kingo, si korongoni, pamoja na mzee mmoja na saa. Mzee atasema anaposikia harufu, na atasema anaposikia mawe. Watoto wataandika dakika. Wakipata siku nne au tano za mvua watachora mchoro wa mstari, na mzee ataambiwa amesema kweli kwa dakika ngapi na amekosea wapi. Makopo ya maziwa tunayo. Vocha ya simu ya wale wa Shume katekista amesema atachangisha kwenye jumuiya, na kama kuna msomaji wa Mombo au Mazinde mwenye kipima mvua cha plastiki asichokitumia, akimpa katekista kitatufikia.